Kaliba ipi kwa nguruwe pori wa Texas: .223, .300 Blackout, 7.62x39, 6.5 Grendel au .308?

Mtu mwenye bajeti ndogo anayetafuta bunduki ya nusu-otomatiki (inayojipakia yenyewe baada ya kila risasi) kwa ajili ya nguruwe pori kwa kawaida huanza na jina la kampuni. Aanze na kaliba, yaani aina na ukubwa wa risasi ambayo bunduki imetengenezewa. Kaliba ndiyo itakayoamua bei ya risasi atakazonunua miaka yote, umbali anaoweza kupiga bila kumwacha mnyama ateseke vichakani, na uzito atakaoubeba usiku kucha. Bunduki mbili za bei moja zinaweza kumgharimu tofauti kabisa baada ya mwaka.

Tunazungumzia Texas, kwa sababu huko ndiko nguruwe hawa walipo wengi kuliko jimbo lolote la Marekani: makadirio yanazidi milioni 2. Hawa si nguruwe mwitu wa Afrika. Ni jamii ileile ya nguruwe wa kufugwa. Walianza kuletwa na Wahispania katika karne ya 16, wakatoroka mazizini kizazi baada ya kizazi, kisha wakachanganyika na wale wa Ulaya walioletwa kwa ajili ya uwindaji katika miaka ya 1930. Jike hubeba mimba siku 115 hivi na huweza kuanza kuzaa kabla hajatimiza mwaka. Kundi likiingia kwenye mahindi yaliyopandwa jana hufuata mstari na kufukua mbegu moja baada ya nyingine, na asubuhi mkulima hukuta mfereji mtupu.

Jibu fupi kwa mwenye haraka: kwa wengi .223 inatosha hadi mita 100, ila kwa risasi za kuwindia, zile za mazoezi hazifai. Mashamba yako yakiwa wazi na mapana, chukua 6.5 Grendel au .308. .300 Blackout inunuliwe na aliye na sailensa (kifaa cha kupunguza mlio kinachofungwa mdomoni mwa mtutu) au aliyekwisha amua kununua sailensa. 7.62x39 inafaa, lakini sababu kubwa iliyowafanya watu waipende, yaani bei, imepungua nguvu.

Mwili wa nguruwe kwanza

Wengi waliozoea kuwinda paa au kulungu hupiga nguruwe nyuma kidogo ya bega, na hapo ndipo mambo huharibika. Moyo na mapafu ya nguruwe yamekaa mbele na chini zaidi. Risasi inayopita sentimita chache nyuma ya bega hukuta ini au tumbo, na mnyama hukimbia mita 300 kabla ya kuanguka. Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu mpaka thuluthi ya chini ya mwili: moyo uko hapo, katikati ya mabega. Shabaha ya pili ni chini kidogo ya sikio, upande wa nyuma. Hiyo humwangusha palepale, lakini ni ndogo na kichwa hakitulii anapokula.

Halafu kuna ngao. Dume mzima hujenga tabaka gumu la ngozi nene, kama gegedu, juu ya mabega, na unene wake huweza kupita sentimita 2. Juu yake kuna manyoya yaliyoganda matope. Kichwa cha risasi chepesi kinachopasuka haraka hupoteza nguvu yake kwenye ngao hiyo na kuacha jeraha la juujuu. Kwa hiyo jinsi kichwa cha risasi kilivyoundwa kuna uzito kuliko namba iliyoandikwa kwenye mtutu, na ukilisahau hilo ulinganisho wote unaofuata hautakusaidia.

| Kaliba | Kichwa cha risasi | Kasi ikitoka | Nishati ikitoka | Nishati kwenye mita 183 |
|---|---|---|---|---|
| .223 | greni 55 (g 3.6) | m/s 988 | jouli 1,740 | jouli 880 |
| .300 Blackout | greni 125 (g 8.1) | m/s 675 | jouli 1,845 | karibu jouli 1,100 |
| 7.62x39 | greni 125 (g 8.1) | m/s 720 | jouli 2,100 | jouli 1,200 |
| 6.5 Grendel | greni 123 (g 8.0) | m/s 786 | jouli 2,465 | karibu jouli 1,900 |
| .308 | greni 150 (g 9.7) | m/s 860 | jouli 3,590 | jouli 2,310 |

Mita 183 ni yadi 200, kipimo kinachotumika kwenye majedwali ya Marekani. Tahadhari moja: takwimu nyingi za viwandani hupimwa kwa mtutu wa inchi 24, ilhali bunduki nyingi za kununuliwa zina inchi 16. Kwa .223 tegemea kupoteza mita 8 au 9 kwa sekunde kwa kila inchi inayopungua. .300 Blackout haiathiriki sana kwa sababu baruti yake huwaka upesi.

.223, ambayo ni sawa na kusema AR-15 ya kawaida

AR-15 ni mtindo wa bunduki ya nusu-otomatiki unaotengenezwa na kampuni nyingi, na bei ndiyo hoja yake kubwa. Bunduki mpya za msingi huanzia karibu dola 500, magazini zipo kila duka, vipuri vipo kila duka, na risasi za mazoezi ni za bei ya chini kuliko kaliba nyingine zote hapa. Teke lake ni dogo mno. Mpigaji haoni shida kubaki ndani ya darubini baada ya risasi ya kwanza na kumwona nguruwe wa pili akigeuka, na kwa mnyama anayekuja kwa makundi hiyo ni faida kubwa.

Udhaifu wake umo kwenye boksi la risasi. Zile za bei ya chini kabisa, greni 55, kichwa kimefunikwa shaba mwili mzima, zimetengenezwa kwa ajili ya mazoezi. Zikimpata nguruwe, ama hupita zikiacha tundu dogo, ama huvunjikavunjika mapema. Zile zenye ncha ya plastiki zilizoundwa kwa ajili ya wanyama wadogo ni mbaya zaidi: hupasuka kwenye ngao. Tafuta aina mbili tu. Ya kwanza ni ncha laini yenye kiini kilichogandishwa na ganda lake la shaba, greni 62 hadi 64. Ya pili ni kichwa cha shaba tupu, greni 55 hadi 62. Hizi hufunguka kama uyoga bila kumeguka na huendelea kuingia ndani.

Kabla ya kununua vichwa vya shaba tupu, angalia maandishi kwenye mtutu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa chake huwa kirefu kwa uzito uleule na kinahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi ili kitulie angani. Mtutu ulioandikwa 1:7 au 1:8 (risasi huzunguka mara moja kwa kila inchi 7 au 8) hautakusumbua. Ulioandikwa 1:9 hutosha kwa greni 55 na nyingi za greni 62, lakini jaribu kwanza kwenye karatasi. Wa zamani wa 1:12 uachie vichwa vyepesi. Ukiona matundu ya mviringo wa yai kwenye karatasi, risasi inafika ikiwa imelala kando, badilisha uzito.

Kipimo chetu cha ukomo ni mita 100 kwa bega, na kwa sikio ni umbali wowote ambao mpigaji huyo huweka risasi tano ndani ya sentimita 5 akiwa amekaa kama atakavyokaa porini. Baada ya hapo nishati inashuka upesi, kama jedwali linavyoonyesha: kwenye mita 183 imebaki nusu tu.

.300 Blackout

Hii ilisajiliwa rasmi mwaka 2011 na kampuni ya Advanced Armament, watengenezaji wa sailensa, na asili hiyo inaeleza karibu kila kitu. Hutumia bolti ileile (kipande kinachofunga nyuma ya risasi) na magazini zilezile za .223, tofauti ni mtutu. Mwenye AR-15 tayari anaweza kununua sehemu ya juu iliyokamilika kutoka kiwandani na akabaki na kitako na magazini zake.

Kuna risasi zake za kasi, greni 110 hadi 125, na kuna za taratibu, greni 190 hadi 220, zinazokwenda chini ya kasi ya sauti, karibu mita 310 kwa sekunde. Zikipita kwenye sailensa hizo za taratibu hazitoi ule mlipuko mkali wa hewani, na nguruwe waliobaki mara nyingi husita wasijue wakimbilie upande gani. Inavutia sana. Lakini hesabu haidanganyi: greni 220 kwa kasi hiyo ni karibu jouli 685 tu, na njia yake imejipinda. Ukiisawazisha darubini kwa mita 46, kwenye mita 91 risasi imeshashuka sentimita 15 hadi 20. Ukikosea makadirio ya umbali gizani, unampiga mguuni. Kwa taratibu usivuke mita 50, na uchague kichwa kilichotengenezwa kufunguka kwa kasi ndogo, kwa sababu vingi vya uzito huo hupita bila kufunguka kabisa.

Za kasi ni risasi nzuri za nguruwe hadi mita 130 hivi na hupenya ngao vizuri kuliko .223. Tatizo ni bei: za kuwindia huwa juu ya .223, na za mazoezi nazo si rahisi. Asiye na sailensa analipia sifa asiyoitumia.

Na hatari yake isichukuliwe kwa wepesi hata kidogo. Risasi ya .300 Blackout inaweza kuingia kwenye chemba ya bunduki ya .223, bolti ikafunga, na ukifyatua, kichwa cha milimita 7.8 kinalazimishwa kwenye mtutu wa milimita 5.7. Bunduki hupasuka mkononi. Bunduki zimeharibika namna hii na watu wameumia. Kama nyumba moja ina kaliba zote mbili, magazini za .300 ziwe za rangi nyingine, zifungwe utepe unaohisika kwa kidole gizani, na zisikae begi moja na za .223. Afadhali zaidi ni kwenda porini na kaliba moja tu.

7.62x39

Msomaji wa Afrika Mashariki na Kongo anaijua hii hata kama hajawahi kuishika: ni risasi ya AK. Kwa nguruwe ni nzuri kweli. Greni 123 au 125 za ncha laini hufanya kazi isiyo na ubishi hadi mita 140, na teke lake linavumilika hata kwa kijana.

Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo ya bei poa kwa sababu ya risasi za Urusi zenye ganda la chuma. Tangu Septemba 2021 Marekani iliacha kutoa vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, na pengo la bei kati yake na .223 likazibika. Za kuwindia zenye ncha laini pia hazina chaguo pana kama za .223.

Shida nyingine iko kwenye bunduki yenyewe. Ganda la 7.62x39 limechongoka sana kuelekea mbele, hivyo magazini yake lazima ijipinde, na tundu la magazini la AR-15 limenyooka. Magazini za risasi 10 au 20 hulisha vizuri kuliko zile za 30. Risasi za kijeshi nazo zina fataki ngumu (kile kidonge cha kulipukia nyuma ya ganda), na bunduki yenye springi dhaifu ya nyundo huigonga bila kuilipua. Utasikia "tik" na kundi lote litakuwa limesikia pia. Anayeipenda kaliba hii afikirie Ruger Mini Thirty au bunduki za mtindo wa AK, zilizoundwa kwa umbo la ganda hili.

6.5 Grendel

Alexander Arms waliitoa mwaka 2003 kwa lengo la kupata umbali zaidi kutoka kwenye bunduki ya ukubwa wa AR-15. Kichwa chake ni chembamba na kirefu, hupasua hewa vizuri, na ndiyo maana kwenye mita 183 kina nishati zaidi ya mara mbili ya .223. Ukiwa na shamba la mtama au ngano iliyovunwa, ambako nguruwe huonekana mita 200 mbele na huwezi kusogea bila kuonekana, hii ndiyo tungeichagua kabla ya .308, kwa sababu bunduki inabaki nyepesi na teke ni la wastani.

Gharama zake zimejificha. Magazini za .223 hazifai, inahitaji zake. Bolti yake ina uso mpana, kwa hiyo masikio ya kufungia yamezungukwa na chuma chembamba zaidi. Bolti ya ovyo huvunjika sikio baada ya risasi mia kadhaa. Bolti ya 7.62x39 hufanana nayo kwa macho, lakini kina cha uso ni tofauti, na kuzichanganya ni hatari. Nunua bunduki au sehemu ya juu iliyokamilishwa na kiwanda kimoja, bolti ikiwa imepimwa pamoja na mtutu wake. Risasi utazipata mjini. Kwenye duka la kijijini lililo karibu na shamba usizitegemee.

.308 Winchester

Ilianza kuuzwa mwaka 1952 na haina cha kuthibitisha. Ngao, mifupa ya bega, dume la kilo 130, yote yanapitika, na risasi zake zipo hata kituo cha mafuta. Ila bunduki yake ya nusu-otomatiki ni ya umbo kubwa: bila darubini mara nyingi hufika kilo 4, na kwa darubini ya joto (inayoonyesha wanyama gizani kwa joto la miili yao), magazini iliyojaa na sailensa utakuwa umebeba kilo 6. Bei ya bunduki huanzia karibu dola 900, risasi za kuwindia ni ghali, na teke hukutoa kwenye shabaha ya pili.

Kuna jambo la usalama ambalo wanaoipenda .308 hulipita haraka. Risasi yake humpita nguruwe na kuendelea na safari ikiwa na nguvu ya kuua. Darubini ya joto inaweza isikuonyeshe vizuri nyumba, matangi ya maji au barabara iliyo nyuma ya mnyama. Ng'ombe aliyelala nyuma ya nyasi anaweza asionekane. Tembea shamba mchana, ujue kila upande kuna nini, na upige tu pale ambapo nyuma ya mnyama kuna mwinuko wa udongo. Sheria hii ni ya kaliba zote. Kwa .308 haina msamaha.

.350 Legend na .450 Bushmaster huuzwa sana kwenye majimbo ya kati yanayodai ganda lililonyooka kwa uwindaji wa kulungu. Texas haina sharti hilo, hivyo ziruke.

Je, lazima iwe nusu-otomatiki?

Si lazima. Bunduki ya kukokiwa kwa mkono kama Ruger American Ranch hupatikana kwa .223, .300, 7.62x39 na 6.5 Grendel, ni nyepesi, na hailalamikii aina ya risasi. Kwa anayekaa karibu na mtambo wa kumwaga mahindi na kutaka nguruwe mmoja wa nyama, tungesema achukue hiyo. Nusu-otomatiki inalipa pale mkulima anapotaka kupunguza kundi: risasi ya kwanza hulengwa kwa jike mkubwa anayeongoza, na una sekunde tano au sita kabla wengine hawajafika vichakani. Hata hivyo, kufyatua ovyo kwenye kundi linalokimbia huacha majeruhi na hufundisha waliobaki kutorudi. Shamba lililoharibiwa kweli linahitaji mtego wa zizi unaokamata kundi zima kwa mara moja. Bunduki imalizie waliosalia.

Pesa iende wapi

Nguruwe wanaosumbuliwa hutoka usiku. Kifaa cha kuwaonea kitakugharimu kuliko bunduki: darubini za joto zinazofaa huanzia takriban dola 1,000 na kupanda. Kwa hiyo mwenye dola 2,000 anayenunua .308 ya dola 1,200 atabaki gizani, wakati mwenye .223 ya dola 550 atakuwa na darubini, risasi za kuwindia na chenji ya mazoezi. Kama darubini haimo bajetini, taa nzuri ya kijani au nyekundu juu ya bunduki inatosha hadi mita 80.

Fanya mazoezi kwa risasi rahisi, lakini usawazishe darubini kwa zile za kuwindia. Risasi mbili za uzito tofauti kutoka mtutu mmoja zinaweza kutofautiana sentimita 8 au zaidi kwenye mita 100. Kwa .223, kusawazisha kwa yadi 50 (mita 46) hukuwezesha kulenga pointi ileile hadi karibu mita 180 bila kufidia. Funga sailensa kabla ya kusawazisha kama utaitumia, kwa kuwa huhamisha mahali risasi inapotua. Hakikisha tena baada ya safari ya gari kwenye barabara ya vumbi. Vaa kinga ya masikio hata nje, kwani .223 isiyo na sailensa huzidi desibeli 160.

Kwa Waswahili walioko Texas

Tangu tarehe 1 Septemba 2019 leseni ya uwindaji haihitajiki kwa nguruwe pori kwenye ardhi binafsi, ukiwa na ruhusa ya mwenye shamba. Ipate kwa maandishi. Lakini mwenye viza ya muda, kwa mfano ya masomo, asome sheria ya serikali kuu: kwa kawaida haruhusiwi kushika bunduki wala risasi, na mojawapo ya misamaha michache ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Hivyo yeye aikate leseni hiyo hata kama Texas haimdai. Mwenye kadi ya ukazi wa kudumu hayumo kwenye katazo hilo. Asiye na hati asiiguse bunduki hata ya kuazimwa kwa dakika moja.

Usifikirie kubeba chochote kati ya hivi kwenda nyumbani. Kutoa silaha, risasi na hata darubini ya joto nje ya Marekani kunahitaji vibali, na Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977.

Kwa wanaokula nyama yake: vaa glavu za mpira unapopasua, kwa sababu nguruwe hawa hubeba bruselosi, ugonjwa wa bakteria ambao huingia kupitia mkwaruzo mdogo kwenye ngozi. Pika mpaka katikati ya nyama ifike nyuzi 71 za Selsiasi, upime kwa kipimajoto. Kugandisha kwenye friji hakuui bakteria hao.